Wanafunzi wanaharibu fomu za WISC-V (kipimo cha akili cha watoto), niwanoe vipi?

Msimamizi_Moshi: Habari wadau. Nasimamia wanafunzi wa saikolojia hapa Moshi. Mwongozo wameusoma, lakini fomu za mazoezi zinarudi na makosa kila ukurasa. Nianzie wapi kabla hawajakaa na mtoto mwenye shida kweli?

Pima_Polepole: Mkuu, kurudia tu hakusaidii. Asiyesahihishwa anazoea makosa yake. Kila zoezi lirekodiwe video, na mtu wa pili akague fomu mstari kwa mstari huku akiitazama.

Sehemu inayoumiza zaidi ni maswali ya maneno. Mtoto anatoa jibu nusu, mwanafunzi anaweka alama 1 na kusonga mbele, wakati mwongozo unamtaka adadisi: "Niambie zaidi." Na jibu liandikwe neno kwa neno. Ukiandika muhtasari, mkaguzi hana cha kukagua.

Umri nao wauhesabu kwa mkono. Amezaliwa 22/7/2016, anapimwa 10/3/2025: azima siku 30, azima miezi 12, unapata miaka 8, miezi 7, siku 18. Usikuze kuwa miezi 8! Jedwali la kulinganisha alama na watoto wa umri wake limegawanywa kwa miezi 4, kwa hiyo mtoto wa 8:7 akiandikwa 8:8 anasomewa safu nyingine kabisa.

Dada_Arusha: Naongezea kurudi nyuma. Katika majaribio madogo mengi (sehemu za kipimo), mtoto akikosa alama kamili hata kwenye swali moja tu kati ya mawili ya kwanza ya umri wake, unarudi nyuma moja moja mpaka apate mawili kamili mfululizo. Maswali ya chini ambayo hakuulizwa anapewa alama zote, na hapo ndipo wengi wanasahau kuzijumlisha. Alama ghafi (jumla kabla ya kusoma jedwali) inashuka bila kosa la mtoto.

Tena wasiseme "umepata!" Wasifie juhudi tu. Chumba pia kiwe mbali na honi za Barabara ya Sokoine.

Msimamizi_Moshi: Asante dada. Je, watafsiri papo hapo kwa Kiswahili?

Dada_Arusha: Hapana, ndugu. Viwango vya kipimo, yaani alama za kulinganishia, vinatokana na watoto 2,200 wa Marekani. Hata jaribio la kurudia namba linabadilika: moja hadi tisa, kila namba yetu ina silabi mbili, za Kiingereza karibu zote zina moja, kwa hiyo kumbukumbu inabeba mzigo mwingine. Mtoto wa Kibosho aliyekulia Kichagga na Kiswahili, ripoti yake itaje lugha iliyotumika na kila badiliko lililofanywa, na alama ya jumla isitumike peke yake kumhamishia darasa maalumu. Sisitiza hilo tangu zoezi la kwanza.