Mjadala: Nyumba za viungani zisiuzwe kabla basi halijafika?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kila mji unaokua una viunga vyake vya saizi ya kati: si kijiji, si katikati ya jiji, wakazi makumi elfu na barabara moja kubwa ya kuingilia na kutokea. Watu wanahamia huko kutafuta nafasi, utulivu na mahali pa watoto kuchezea. Sina ugomvi na hilo. Hoja yangu ni kwamba mamlaka za miji zisiruhusu nyumba mpya za viungani kuuzwa wala kupangishwa mpaka usafiri wa umma, shule na zahanati viwe vinafanya kazi. Vikiwa kwenye ramani tu, havihesabiki.

Naishi kiungani miaka kadhaa sasa, na nyumba yenyewe naipenda. Kinachonichosha ni kwamba kila jambo dogo ni safari. Mtoto akishikwa na homa saa mbili usiku na dawa imeisha ndani, unatafuta ufunguo wa gari. Kama huna gari, unamgongea jirani. Jirani akiwa hayupo, unasubiri kukuche. Tangazo la muuzaji lilidai ni mwendo wa dakika 20 hadi mjini. Kweli kabisa, Jumapili alfajiri.

Na msiniambie huduma hufuata watu. Hufuata, ila zikifika zinakuta kila familia imeshanunua gari. Basi linakosa abiria, kisha linaondolewa kwa kukosa abiria.

Mchangiaji 1

Mkuu, naomba nitofautiane nawe. Ukisubiri kila kitu kikamilike, nyumba hazitajengwa. Na atakayeumia si mwenye nazo, yeye ana pa kulala. Ni yule anayebanwa na kodi mjini, familia nzima chumba kimoja.

Levittown ya Long Island, kule Marekani, ilianza kujengwa 1947 kwenye mashamba ya viazi, na kufikia 1951 ilikuwa na nyumba zaidi ya 17,000. Wengi waliohamia walikuwa askari waliotoka vitani, waliokuwa wakijibanza na wake zao kwa wazazi. Ungewaambia wasubiri zahanati? Halafu hakuna mwenye basi atakayelipeleka vichakani. Watu kwanza, basi baadaye.

Mchangiaji 2

Levittown umeisimulia nusu. Mikataba ya mwanzo ilikataza watu weusi kuishi humo, kwa hiyo hata hao askari waliokosa nyumba hawakuhudumiwa wote.

Na hilo la vichakani si kweli. Ichizo Kobayashi wa Japani alifungua reli kutoka Osaka mwaka 1910 kupita mashambani, mahali ambapo abiria walikuwa wa kuhesabu. Kampuni yake ilikuwa imenunua ardhi kando ya njia, ikajenga nyumba Ikeda na kuziuza kwa malipo ya awamu. Asubuhi treni zilijaa kuelekea mjini. Ili zisirudi tupu, akaweka mambo ya burudani Takarazuka, mwisho wa reli upande wa pili. Mwaka 1929 akafungua duka kubwa kwenye stesheni ya Umeda, mjini Osaka. Faida ya ardhi ndiyo iliyobeba reli. Kwingi leo mwenye ardhi anachukua chake anaondoka, halafu mzigo wa usafiri anaachiwa mlipakodi. Hapo ndipo pa kuanzia, kuliko kupiga marufuku.

Mchangiaji 3

Wengine tulihama kukimbia honi na vituo vya mabasi. Mnatuletea tena?

Mchangiaji 4

Ndugu zangu, mnaongea kama kiunga kizima ni watu wazima wanaokwenda kazini. Kuna mwanasosholojia aitwaye Herbert Gans, alinunua nyumba katika Levittown nyingine, ya New Jersey, akahamia 1958 ilipofunguliwa na kukaa kama miaka miwili akiwaangalia majirani zake. Wasomi wa wakati ule walikuwa wakiviponda viunga kuwa vinawafanya watu wapweke na wote sare. Yeye alipochapisha matokeo 1967, alisema wengi waliohamia walikuwa wameridhika, na maisha yao ya kijamii hayakudorora. Lakini aliona makundi mawili yaliyoumia: vijana balehe, waliokosa pa kwenda, na baadhi ya wanawake waliotengwa na mama na dada zao.

Naamini kila neno, maana nina kijana wa miaka 14. Jumamosi anakaa kwenye ukingo wa mtaro mbele ya geti, viatu vya mpira ameshavaa, anasubiri mzazi wa mwenzake apite amchukue. Mzazi akighairi, anavua viatu anarudi ndani. Hajakatazwa na mtu kutoka, ila hawezi. Mama mkwe wangu naye macho yalipopungua aliacha kuendesha gari, akawa mfungwa wa nyumba ile ile aliyoifurahia. Kwa hiyo kaka unayekimbia honi, nakuelewa, lakini wewe unaendesha.

Mchangiaji 1

Dada, hilo la vijana nakupa. Lakini dawa nyepesi si kupanua barabara tu?

Mwanzisha mada

Houston, kule Marekani, walijaribu. Barabara ya Katy ilipanuliwa, kazi ikakamilika 2008, ikawa miongoni mwa barabara pana kuliko zote duniani. Miaka michache baadaye foleni zilikuwa zimerudi, kwa sababu nafasi iliyofunguka iliwaita wanunuzi wa nyumba mbali zaidi. Mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika 1994 kwamba watu, kwa wastani, hutumia kama saa moja kwa siku kusafiri. Ukiwapa mwendo kasi hawarudi nyumbani mapema, wanahamia mbali. Na wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, kwa takwimu za Ujerumani, walikuta kwamba wenye safari ndefu za kazini hueleza kuridhika kidogo na maisha. Nyumba kubwa na mshahara mzuri havikuwa vinafidia.

Nimesoma yenu, nalegeza kamba. Shule na zahanati vinaweza kuchelewa kidogo. Basi lisichelewe hata siku moja: lianze na mkazi wa kwanza, hata likiwa na abiria watatu, na gharama ya miaka ya mwanzo itoke kwa anayeuza ardhi.

Mchangiaji 2

Hapo nakuunga mkono. Ila muda uandikwe kwenye kibali cha ujenzi, la sivyo basi litatembea mpaka nyumba ya mwisho iuzwe.

Mchangiaji 1

Na muuzaji ataipandisha bei ya nyumba kufidia hilo basi. Bado mnunuzi ndiye mlipaji.

Mchangiaji 4

Analipa hata sasa, kwa gari la pili. Mimi ningelipia basi.