Bahasha za michango zimetufuata mpaka Thailand, na mume wangu hataki kusikia. Naomba ushauri

Mwl_wa_Isan

Wakuu habari za jioni, ingawa kwangu huku ni saa tatu usiku.

Mimi na mume wangu ni Watanzania, tunafundisha Kiingereza sekondari moja mkoa wa Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, ukanda wanaouita Isan. Huu ni mwaka wa pili. Darasani hatuna shida, watoto wana adabu, ukiingia wanasimama wote na kukuimbia salamu kama kwaya. Shida iko nje ya darasa.

Niliondoka Dar nikijua nimezikimbia kadi za michango. Kumbe! Huku kadi ya harusi inakuja ndani ya bahasha yenye jina lako, na bahasha hiyohiyo ndiyo unayoirudisha ikiwa na hela. Ukifika ukumbini unaitumbukiza kwenye kisanduku mlangoni. Jumatatu nilikuta mbili mezani: harusi ya binti wa mwalimu wa hisabati, na mchango wa hekalu la kijijini kwao karani wetu. Kabla sijakaa, kundi la walimu la LINE (app ya meseji kama WhatsApp) likatangaza msiba wa baba mkwe wa makamu mkuu.

Tunalipwa baht 25,000 kila mmoja kupitia wakala, mkataba ni wa miezi kumi, kwa hiyo Aprili shule zikifungwa hakuna mshahara ila kodi ya nyumba haijui likizo. Na WhatsApp ya nyumbani nako kuna send-off mbili na kipaimara.

Mume wangu amegoma. Anasema hakuja huku kuchangia harusi za watu asiowajua, na hela ya hekalu ndiyo kabisa, yeye ni mlokole. Mimi naona tofauti. Mwaka jana nilipougua dengue, huyu mwalimu wa hisabati ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki yenye kigari ubavuni, akakaa nami hospitali siku nzima akinitafsiria. Jirani yetu bibi kizee kila wiki analeta wali wa kunata kwenye kikapu cha mianzi, ule unaoumega kwa vidole kama ugali.

Basi Jumamosi nikaenda harusini peke yangu. Kila meza wananiuliza mume yuko wapi. Nikasema ana homa.

Jumapili asubuhi walimu wanne wakaja na sufuria la uji wa mchele kumwona mgonjwa. Mgonjwa wakamkuta uani, kifua wazi, anaosha pikipiki huku anaimba.

Hawakusema kitu. Walitabasamu, wakaacha sufuria, wakaondoka. Tangu hapo naona aibu hata kuingia chumba cha walimu. Nifanyeje? Na hizi bahasha mnaweka kiasi gani?

kidumu_na_mfuniko

"Anaosha pikipiki huku anaimba." Nimecheka mpaka konda kaniuliza kulikoni.

NyarKorat

Pole sana dada. Mimi ni Mkenya, nilifundisha Korat, hukohuko Isan, miaka minne, hayo nimeyapitia yote.

Kwanza, nyinyi ni nyumba moja, kwa hivyo bahasha ni moja yenye majina mawili. Mimi harusi ya mwalimu mwenzangu nilikuwa naweka 500, mtu wa mbali 200, na kama siendi natuma 100 kupitia mwenzangu. Usidharau hiyo 100. Wenyeji wengi wanaandika kwenye daftari nani alitoa ngapi, ili siku yako ikifika wakurudishie.

Ya hekalu ni jambo lingine. Zile huzidi baada ya Kwaresima yao ya Kibudha kuisha, Oktoba na Novemba, na wenyeji wenyewe wengi hutia noti ya 20. Mzee wako asipotaka, asitoe. Hakuna atakayemwandama.

Lakini msiba aende. Rangi ni nyeusi au nyeupe, avue viatu, miguu asiielekeze kwa watawa, bahasha nyeupe ya kawaida na jina juu. Kupiga magoti mbele ya sanamu halazimishwi, anakaa tu nyuma na wengine. Akiona haya kukaa, aende nyuma wanakopika, aoshe vyombo. Mwanaume mgeni akionekana anaosha sahani msibani, habari zitafika wilaya ya pili.

Baba_Upendo

Mimi namtetea shemeji kidogo. Miezi miwili bila mshahara si mchezo, mimi nilikuwa Vietnam na najua. Tengeni baht 1,000 kila mwezi kwenye kopo la bahasha. Kopo likikauka, mnajibu kwa tabasamu kwamba mwezi huu hamjajaliwa. Na hao wa WhatsApp wa nyumbani nao wale kwenye kopo hilohilo, maana naona wao ndio wanaowamaliza, ila unaogopa kuwasema.

bi_mkubwa_Pangani

Mwanangu, bahasha uziache kwanza. Kosa lako ni homa. Umemuuguza mume wa watu akiwa mzima, na watu wamedamka kumpikia.

Hilo sufuria liko wapi mpaka sasa? Usiniambie umelirudisha tupu. Chombo cha jirani kinarudi na kitu ndani. Tena asilirudishe mwanamke, alirudishe aliyekuwa "mgonjwa".

Mwl_wa_Isan

Bi mkubwa, shikamoo. Sufuria lilikuwa bado jikoni kwangu, nimeona aibu mara mbili.

Mrejesho: nilimsomea mume uzi wote. Kwa NyarKorat alikaa kimya, kwa Baba Upendo akasema "huyo ndiye mwanaume", kwa bi mkubwa akaenda kukanda unga. Amepika chapati kumi na mbili, za mwanzo zikawa ramani ya Afrika, akazipanga ndani ya sufuria na kulipeleka mwenyewe kwa mwalimu wa hisabati.

Nilimfuata nyuma. Mama mkwe wa yule mwalimu akamkalisha kwenye mkeka, akatoa uzi mweupe wa pamba, akamfunga mkononi huku ananong'ona maneno. Huku mtu akitoka kuugua wanamfunga hivyo, nafsi yake irudi mwilini. Mlokole wangu akanitazama kwa jicho la "huu si uganga?" Nikajifanya naangalia kuku.

Waliambiana kitu kwa Kiisan wakacheka sana. Mwalimu akatutafsiria: mama anasema homa ya kuosha pikipiki huwa inarudi, afungwe mara mbili.

Wanasema uzi ukae angalau siku tatu. Leo ni ya tano, bado anao. Msibani tulikwenda wote, bahasha moja, 300. Na asubuhi hii amekuta bahasha nyingine mezani, yenye jina lake peke yake, ananiuliza tuweke ngapi.