Maisha binafsi ya waanzilishi wa ukombozi wa wapenzi wa jinsia moja Marekani yana nafasi gani katika historia?

Msomaji wa Usiku
Ndugu zangu, salaam. Ninasoma historia ya ukombozi wa wapenzi wa jinsia moja nchini Marekani, na naona maandiko mengi yanaanzia tarehe 28 Juni 1969, polisi walipovamia Stonewall Inn, baa ya wapenzi wa jinsia moja jijini New York, na watu wakakataa kutawanyika. Waliotangulia hutajwa kwa vyama vyao tu, bila kuelezwa waliishi na nani wala walijikimu vipi baada ya kufukuzwa kazi. Je, ni halali kwa mwanahistoria kuingia nyumbani kwao, au huko ni kuchungulia yasiyomhusu?

Kalamu ya Zamani
Ni halali, tena ni lazima, kwa sababu serikali ndiyo iliyotangulia kuingia humo. Amri ya Rais Eisenhower ya mwaka 1953 ilifanya kile ilichokiita upotovu wa kijinsia kuwa sababu ya kumnyima mtu kazi serikalini. Frank Kameny, mwanaastronomia mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard aliyepigana Vita Kuu ya Pili barani Ulaya, aliajiriwa mwaka 1957 na idara ya ramani ya jeshi, kisha akafukuzwa wakubwa walipopata habari kwamba aliwahi kukamatwa San Francisco. Wakili wake alipokata tamaa, aliandika kwa mkono wake ombi kwa Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1961 ilikataa kulisikiliza. Mwaka huohuo akashiriki kuanzisha Mattachine Society ya Washington, chama cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Wanachama wake walipoandamana mbele ya Ikulu mwezi Aprili 1965, wanaume walivaa suti na tai na wanawake magauni, kwani Kameny alishikilia kwamba anayedai haki ya kuajiriwa sharti aonekane mtu wa kuajirika. Usipojua alivyonyang'anywa kazi yake, tai zile hutazielewa.

Mtunza Vitabu
Nakubaliana na Kalamu, na ningependa tuwatazame pia wanaharakati wapenzi Barbara Gittings na Kay Lahusen, waliokutana mwaka 1961 na kuishi pamoja hadi Gittings alipofariki mwaka 2007. Akiwa mwanafunzi, Gittings alizunguka maktaba akitafuta maelezo juu yake mwenyewe, akakuta vitabu vinavyomwita mgonjwa. Kwa hiyo vita vyake dhidi ya madaktari wa akili, ambao wakati huo waliyahesabu mapenzi hayo kuwa ugonjwa, vilikuwa na mizizi ya muda mrefu.

Mwaka 1972 mkutano wa chama cha madaktari hao ulifanyika Dallas, na Lahusen akaona kasoro katika jopo lililopangwa: lilikuwa na madaktari, lilikuwa na wapenzi wa jinsia moja, lakini hakuna aliyekuwa vyote viwili. Gittings akaandika barua huku na huko, na aliyekubali ni John Fryer peke yake, kwa sharti kwamba asitambulike. Alipanda jukwaani amevaa kinyago cha mpira, nywele za bandia na suti iliyompwaya, akizungumza kwa kipaza sauti kilichobadilisha sauti yake, akasema yeye ni mpenzi wa jinsia moja na ni daktari wa akili. Aliwahi kupoteza nafasi ya mafunzo kwa sababu hiyohiyo, na hakujitaja hadharani hadi mwaka 1994. Desemba 1973 chama hicho kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa ya akili.

Msomaji wa Usiku
Nawashukuru sana. Je, wenyewe kwa wenyewe hawakuhitilafiana?

Kalamu ya Zamani
Walihitilafiana, na vikali. Kila tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, tangu mwaka 1965 Kameny na wenzake waliandamana mbele ya Independence Hall, jengo uhuru huo ulikotangazwa, Philadelphia, kwa masharti yaleyale ya mavazi. Mwaka 1969, siku chache baada ya Stonewall, wanawake wawili walishikana mikono katika msafara na Kameny akawatenganisha. Craig Rodwell, kijana mwenye duka la vitabu New York, alikasirika, akawahimiza wapenzi wengine nao washikane mikono. Miezi michache baadaye, yeye na mpenzi wake Fred Sargeant, pamoja na Ellen Broidy na Linda Rhodes, walipendekeza maandamano mapya ya kila mwaka jijini New York, na azimio lao lilitamka kwamba hakutakuwa na masharti ya mavazi wala ya umri. Yalifanyika mara ya kwanza tarehe 28 Juni 1970, kutoka Greenwich Village hadi Central Park, na Kameny mwenyewe alikuwamo.