Taya la chini limepita la juu: waya, Invisalign au operesheni?

Kipara_Tanga: Wakuu habari za jioni. Meno yangu ya chini yanatangulia ya juu tangu utotoni, hata tambi sikati kwa meno ya mbele. Sasa nina miaka 24, kliniki moja wanasema waya tu zinatosha, nyingine wanasema bila kukata mfupa natupa hela. Nimsikilize nani? Halafu mpwa wangu wa miaka 8 naye kaanza hivyo hivyo.

Nasra_K: Walikupiga ile eksirei ya kichwa kwa ubavu? Bila hiyo wanabahatisha tu. Kama taya zimekaa sawa ila meno ya juu ndo yamelalia ndani, waya na lastiki zinamaliza kazi. Kama ni mfupa, waya zinalaza ya chini ndani na kusukuma ya juu nje, mara nyingine wanang'oa mawili ya chini kupata nafasi, utauma vizuri lakini kidevu kinabaki pale pale. Wengine wanaridhika na hapo na sio vibaya.

mtoto_wa_Kisauni: na Invisalign je, zile plastiki angavu za kuvisha meno? waya usoni siziwezi jamani

Nasra_K: Kwa tatizo dogo la meno sawa, mfupa haziusogezi. Zile za kuagiza mtandaoni bila daktari kukuona achana nazo.

Mjomba Side: Mi nilikatwa, ntasema ukweli. Unaanza na waya zaidi ya mwaka, na zinakuharibu kwanza maana wanarudisha meno kwenye mstari wa taya lake, kidevu kinazidi kuchomoza, mtaani wananiuliza umelipia hii kweli 😂 Afu nusu kaputi, wanakata taya wanalirudisha nyuma wanafunga na vipleti na skrubu, wanapitia ndani ya mdomo kwa hiyo nje huoni kovu. Wiki kadhaa ni uji na supu, mdomo wa chini ganzi miezi, hadi leo nikinyoa kuna sehemu ya kidevu siisikii. Ningerudia? Ndio, ila mi yangu ilikuwa mbaya kweli. Kwa miaka yako mfupa umeshaacha kukua, hilo halikuzuii.

MamaKulwa: Huyo wa miaka 8 ndo wa kuwahi!! Wangu waliwekewa kifaa cha kutanua kaakaa, unakizungusha kwa kifunguo kidogo, na fremu ya usoni inayoegemea paji na kidevu, lastiki zinavuta taya la juu mbele. Fremu inavaliwa masaa 12 na zaidi kwa siku, ugomvi kila usiku, lastiki nazikuta chini ya mto. Akishapita miaka 10 hivi matokeo yanapungua. Na msidanganywe kwamba yameisha, akibalehe taya la chini linaweza kukimbia tena.

Kipara_Tanga: Asanteni. Eksirei hiyo sikupigwa kokote. Wakishapiga naondoka nayo au inabaki kwao?

Nasra_K: Umelipia, omba nakala hata wakutumie WhatsApp. Uende nayo kwa wale waliosema waya tu, wakuonyeshe kidevu kitaishia wapi.