Re: Mama amevunjika nyonga, yuko Kibosho. Nani ana uzoefu?

> Habari zenu ndugu. Mama yetu ana miaka 74. Aliteleza shambani akikata majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga. Amefanyiwa upasuaji hospitali ya KCMC, Moshi, wiki ijayo anarudi nyumbani Kibosho. Watoto wote tuko nje. Tumechangishana, tunafikiria kumnunulia kiti cha magurudumu na kumwekea dada wa kumfanyia kila kitu, yeye apumzike tu. Naomba ushauri kwa aliyepitia haya.

Dada, poleni sana, na Mama mpe shikamoo zetu. Nimepitia haya na mama yangu kule Machame, na kazi yangu hapa Leeds ni kuhudumia wazee, wengi wao wametoka hospitali kwa jambo hilihili. Kwa hiyo naomba niseme wazi. Hela ya kiti cha magurudumu ishikilieni kwanza, labda kama daktari ndiye aliyekiagiza. Dada wa kazi mwekeni, ila aambiwe mapema kwamba hakuletwa kumfanyia Mama kila kitu.

Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga akilazwa tu, damu inaweza kuganda miguuni, kifua kikashika, vidonda vya mgongo vikaanza, na misuli ya mapaja inaisha haraka sana. Ndiyo maana hospitalini humsimamisha mapema, mara nyingi kesho yake tu. Sasa anafika nyumbani, na kila jirani anayekuja kumjulia hali anamwambia, pumzika mama, kaa mama, usijisumbue. Wanasema kwa upendo, lakini mzee anayesikia hivyo kutwa nzima anaanza kuamini kwamba kusimama ni hatari, na hofu ya kuanguka inamfunga kitandani kuliko hata ule mguu.

Mama yangu alianza kupata nafuu ya kweli pale aliporudishiwa chai yake. Maisha yake yote yeye ndiye anayechemsha maziwa asubuhi. Karatasi ya mazoezi aliyopewa ilikaa chini ya mto bila kuguswa. Mtaalamu wa mazoezi alipoambiwa, akabadilisha mpango: maziwa yakishawekwa jikoni, Mama anasimama ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, ananyanyua visigino, anashusha, anaegemea mguu mmoja kisha mwingine, binti yuko nyuma yake. Maziwa yakipanda, mazoezi yamekwisha. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha tena.

Mimi nilikuwa nampigia wakati huohuo. Majira ya baridi, saa kumi usiku huku ni saa moja asubuhi Moshi, na ukiwa shifti ya usiku hiyo ni mapumziko. Simu naikuta imeegemezwa kwenye chupa ya chai, tunasalimiana, ananieleza ng'ombe ametoa maziwa kiasi gani. Chagueni saa maalumu na mtoto mmoja wa kupiga. Mkipiga nyote ovyo, atakuwa anakurupuka kufuata simu, na hapo ndipo watu huanguka tena.

Sasa nyumba. Kigoda cha jikoni kiondoeni kabla hajafika. Kuna aina ya upasuaji ambayo kwa wiki za mwanzo goti halitakiwi kupanda juu ya nyonga, na kigoda ni hivyo hasa. Mwulizeni daktari Mama yuko kundi gani. Choo cha kuchuchumaa ni shida ileile: seremala yeyote anaweza kutengeneza kiti kizito chenye tundu na mikono ya kushikilia, kimo chake kiishie nyuma ya goti lake akiwa amesimama, au zaidi kidogo. Fundi wa kuchomelea aweke bomba la kushika ukutani, toka mlango wa chumba hadi chooni. Na taa, kwa sababu safari ya chooni ya usiku ndiyo mbaya kuliko zote.

Akifikia kutumia mkongojo, aushike mkono wa upande mzima, siyo upande wa mguu unaouma. Watu wengi wanafanya kinyume. Mpini ufike kwenye kifundo cha mkono akiwa amevaa viatu na mkono umening'inia. Kwenye ngazi, kupanda unaanza mguu mzima, kushuka unaanza ulioumia. Na ule mpira wa chini ukilika, ubadilishwe kabla ya masika, maana udongo wa kule juu mnajua unavyoteleza.

Chakula msihangaike na vya dukani. Mtori wenye nyama ya kutosha, mayai, maharage, maziwa, dagaa, na akae nje jua likitoka. Lakini mzee akiteleza tu na mfupa ukavunjika, huenda mifupa yenyewe imedhoofu, kwa hiyo siku ya kliniki mwulizeni daktari kuhusu dawa ya mifupa. Waangalie na macho, na kama anatumia dawa za presha, aseme ukweli kama anapata kizunguzungu akiinuka.

Jambo la mwisho, mwulizeni yeye anataka kurudi wapi. Mama yangu hakutaja shamba, alitaka mnada wa baada ya ibada. Alizoea kupeleka ndizi na mayai, halafu anasimama pale nje ya kanisa kupandisha bei ya kuku wa mwenzake. Basi mazoezi yote ya kutembea yakawa ni ya njia hiyo: kwanza hadi kwenye migomba, kisha getini, kisha kwa jirani, ambako kila mara aliwekewa kiti cha kupumzikia. Ilichukua miezi, na bado anatembea na mkongojo, lakini anakwenda.

Nitumie picha ya choo na ngazi za mbele, na kimo cha Mama. Nikitoka shifti kesho asubuhi nitakuandikia vipimo vya kumpa fundi.