Balbu, kitasa na kihisi havisikilizani katika nyumba ya mawe, Bagamoyo

Mwenye Nyumba (Bagamoyo)
Ndugu wanajukwaa, asalaam aleikum. Ninakarabati nyumba ya marehemu babu hapa Mji Mkongwe, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ili nipate vyumba 4 vya wageni. Nimenunua balbu na vihisi vya Zigbee (redio ya masafa mafupi ya vifaa vya nyumbani) pamoja na kitovu chake, yaani kifaa kinachoviongoza, nikanunua swichi za Wi-Fi, na mdogo wangu akaniletea kitasa cha Z-Wave, redio nyingine ya aina hiyo, kutoka Marekani. Kitovu nimekiweka sebuleni, juu ya ruta. Balbu za sebuleni zinaitika papo hapo, lakini kihisi cha mlango wa uani hupotea kila usiku, swichi mbili zimekataa kuunganishwa, na kitasa hakionekani kabisa. Je, ni kuta, au nimenunua vitu visivyopatana? Muuza duka ameniambia kwamba nikinunua vilivyoandikwa Matter yote yatakwisha, nami naogopa kutumia fedha mara ya pili bila kuelewa.

Fundi Umeme
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na kitasa, kwa sababu hapo hakuna la kurekebisha. Vifaa vya Z-Wave hutengenezwa kwa masafa ya eneo vinakouzwa: vya Marekani hutumia takriban megahezi 908, vya Ulaya takriban 868. Tanzania imo Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa linalogawa masafa ya redio) pamoja na Ulaya, na katika kanda hii megahezi 880 hadi 915 ni njia ambayo simu za mkononi hupelekea mawimbi mnarani. Kwa hiyo kitovu cha Ulaya hakitakisikia kitasa hicho, na kukitumia na kitovu cha Marekani ni kuingilia njia ya watu wengine. Mwombe mdogo wako akirudishe.

Swichi nazo, karibu zote za aina hiyo hutumia gigahezi 2.4 peke yake. Ikiwa ruta yako inatangaza 2.4 na 5 kwa jina moja, yape masafa hayo majina mawili tofauti, kisha uunganishe simu kwenye 2.4 kabla ya kuanza.

Mkazi wa Ngamiani (Tanga)
Naomba kuuliza: taa ya ukumbini huzimwa kwa swichi ya ukutani watu wanapokwenda kulala? Katika Zigbee, vifaa vinavyopata umeme wa nyumba hupokezana ujumbe, na balbu nyingi hufanya kazi hiyo, lakini kihisi cha betri hakipokezi ujumbe wa mwenzake. Hutegemea jirani mmoja aliye hai. Kwa mama yangu tulihangaika wiki nzima, tukabadilisha betri mara mbili, hadi nilipomwona mwenyewe akipita saa nne usiku akibonyeza swichi ya ukumbini, na papo hapo alama ya mlango wa jikoni ikageuka kijivu kwenye simu yangu. Weka soketi ya Zigbee ukumbini, isiyozimwa. Kuta za matumbawe kweli hupunguza mawimbi, ndiyo maana unahitaji mpokezaji kila baada ya ukuta mmoja au miwili.

Kitovu nacho kiondoe juu ya ruta, hata mita mbili tu. Zigbee na Wi-Fi ya 2.4 zinagombania anga moja: Wi-Fi ya chaneli 1 hufunika chaneli 11 hadi 14 za Zigbee, ilhali chaneli 25 ya Zigbee iko mbali nayo.

Fundi Umeme
Mwenzangu amesema kweli. Kuhusu Matter, iliyotoka Oktoba 2022, hiyo ni lugha ya pamoja ya vifaa, si redio. Husafiri juu ya Wi-Fi, waya wa mtandao au Thread. Thread hutumia redio ya aina moja na Zigbee, lakini haielewani nayo, na huhitaji ruta ya mpakani ya kuiunganisha na mtandao wa nyumbani. Balbu zako hazina haja ya kutupwa. Baadhi ya vitovu vya Zigbee huweza kuzitambulisha kwa vifaa vya Matter. Soma kwanza maelezo ya hicho ulicho nacho.

Mwenye Nyumba (Bagamoyo)
Mungu awabariki. Taa ya ukumbini ndiyo hasa, huzimwa na shangazi kila usiku. Nimeweka soketi jana, na leo alfajiri kihisi cha uani kilikuwa bado kipo. Swichi zote mbili zimeunganishwa. Kitasa kitarudi na mgeni wa kwanza anayekwenda Marekani.