Naombeni ushauri: ndugu wanataka mwanangu apelekwe "akabadilishwe"

Mama wa Watatu
Wakuu, heshima kwenu. Msinitukane, usiku wa tatu huu sijalala. Kitinda mimba wangu, miaka 19, ameniambia havutiwi na wasichana, anavutiwa na wanaume. Aliyasema amenipa mgongo, anaosha vyombo. Sahani moja aliisugua mpaka nikamwambia, baba, imeshatakata.

Mjomba wake amepata kituo kinachodai kuwabadilisha vijana kama yeye kwa miezi mitatu. Anasema hakuna anayezaliwa hivyo, kwa hiyo kilichoingia kitatoka. Ni kweli? Na hiyo tiba inafanya kazi?

Nguzo
Pole mama. Nipo na mjomba. Udongo uwahi ungali maji. Haya mambo vijana wanaambukizana kwenye simu. Mpeleke.

Mshauri Nasaha
Nguzo, hapo kuna maswali mawili yamefungwa kamba moja.

La kwanza, wanazaliwa hivyo? Jeni zina mchango, ila haziamui peke yake; mapacha wa kufanana kabisa mara nyingi hutofautiana katika hili. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019, wa watu karibu 500,000, haukukuta jeni moja ya ushoga, ulikuta nyingi, kila moja na mchango mdogo. Kuna pia mambo ya tumboni mwa mama: mwanaume mwenye kaka wengi wa mama mmoja waliomtangulia kuzaliwa ana uwezekano uliozidi kidogo. Malezi mabaya kuwa ndiyo chanzo? Hilo halijathibitishwa, mama, usijisulubu.

La pili, anaweza kubadilishwa? Hata kitu ambacho mtu hakuzaliwa nacho si lazima kitoke. Hakuna aliyezaliwa anaongea Kiswahili, lakini jaribu kumtoa mtu lugha ya mama akiwa na miaka 19.

Robert Spitzer, daktari wa akili wa Marekani, mwaka 2003 alichapisha utafiti kwamba baadhi ya waliopitia tiba hiyo walibadilika. Alitegemea maelezo yao wenyewe kwa simu. Mwaka 2012 aliomba radhi hadharani kwa utafiti huo. Exodus International, shirika la Kikristo lililoifanya kazi hiyo ya kuwabadilisha watu tangu 1976, lilifungwa 2013, na kiongozi wake, Alan Chambers, akawaomba msamaha waliolipitia.

Nimepita Huko
Mama, mimi nilipelekwa. Nilivalishwa mpira mkononi, nikimfikiria mwanaume niuvute unichape. Mkono ulivimba, mawazo yakabaki palepale. Kilichobadilika ni kwamba nilijifunza kusema uongo vizuri, mpaka mshauri wangu akaniandika nimepona. Mwaka ule nilijaribu kujiua. Mama yangu hakujua, kwa sababu nilishamdanganya kwamba niko sawa.

Nguzo
Ndugu, pole sana. Hilo la mpira sikulijua. Imani yangu haijabadilika, lakini kituo hicho nisingempeleka wangu.

Mshauri Nasaha
Hakuna anayekudai imani yako. Mama, kama analala ovyo, hali chakula, anajitenga, mtafutie mshauri wa kumsikiliza, na umuulize mshauri waziwazi kabla: lengo lako ni kumbadilisha? Akisema ndiyo, ondokeni.

Mama wa Watatu
Nimesoma yote, na la mpira nimelisoma mara mbili. Mjomba alishamwambia aandae begi, na ameliandaa bila kubisha, ndiyo kitu kinachoniuma. Nimeingia chumbani nikalifungua, nikaanza kuyatundika mashati. Aliniangalia tu, halafu akaja kunisaidia.

Mjomba anapiga tena. Ngoja nipokee.